Mtoto wa Jirani

Nje ya Bute, 9 Septemba 2024

Abaayo Kanana,

Assalamu alaikum, dada. Ni mimi Ruweyda, yule uliyelala kwake mwezi wa saba ulipokuja kuchuna maganda ya miti. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumbani ameondoka nayo Yahye, baba watoto, yuko mpakani na ngamia. Hata angeiacha, mnara wa Bute umelala tangu ulipoharibiwa. Alio wa lori la mbuzi amekubali kubeba barua. Anashusha mbuzi soko la Garissa na anasema chuo chenu anakijua. Nimemwambia akiipoteza hatakunywa chai kwangu tena.

Usicheke mwandiko. Niliishia darasa la sita.

Mama mkwe wangu, Maka, anakuita Mama Maganda mpaka leo. Kila jioni ananichokoza: "Yule rafiki yako amemezwa na barabara kama wenzake." Anasema walikuja watu wa damu ya ngamia, wakachukua, hawakurudi. Wakaja wa udongo, hawakurudi. Sasa wa maganda. Mimi namwambia wewe uliahidi, na uliahidi ukiwa umekaa kwenye mkeka wetu. Maka anajibu mkeka haushiki mtu.

Mwanangu Mursal anaiga vile ulivyomkimbia ngamia, anashika nguo kwa mikono miwili anapiga kelele. Mdogo wake Idil ameota meno mawili ya chini. Yule mbuzi aliyekula magazeti yako ya kukaushia majani yuko hai, hakupata hata kuumwa tumbo.

Basi niambie, mti wa Maka umesema nini huko?

Wako,
Ruweyda


Garissa, 21 Septemba 2024

Mama Mursal mpendwa,

Barua imefika, inanuka mbuzi vizuri kabisa. Alio aliniulizia langoni kwa sauti kubwa, askari akadhani ananiletea posa. Wiki nzima wananiuliza mahari ni ngamia wangapi.

Msalimie bibi, Ayeeyo Maka, mwambie barabara haijanimeza. Ana haki ya kunisema. Nilipoanza kazi hii ya kusaidia utafiti nilijiwekea sharti: wenye mti ndio watakaokuwa wa kwanza kusikia. Mkubwa wangu, Daktari Hesbon, hucheka. Anasema, "Kanana, watu husubiri ripoti." Nami husema watu wamesubiri sana.

Kazi yenyewe ni hivi. Ganda tumelikausha, tukalisaga, tukaliloweka usiku kucha, tukachuja. Maji yake tumeyapeleka Nairobi. Kule wanafuga kwenye visahani vidogo vile vijidudu vya kala-azar, ugonjwa unaoletwa na kausubi, inzi mdogo sana wa kwenye vichuguu. Wanadondosha maji ya mti, halafu wanangoja waone. Nimepeleka miti mingi, ya Bura, ya Wajir, ya kwenu. Mingi itanyamaza, ndivyo ilivyo.

Mpe Mursal biskuti hizi. Mwambie sikukimbia, nilikuwa na haraka.

Kanana


Nje ya Bute, 2 Oktoba 2024

Abaayo Kanana,

Biskuti zimefika, mbili zimevunjika, Alio anasema ni mashimo ya barabara. Mimi nasema ni meno ya Alio.

Nina swali. Si langu, ni la jirani. Ana mtoto wa kiume ana homa inayokuja na kuondoka, imekaa muda mrefu sasa. Amekonda miguu, na tumbo upande wa kushoto limekuwa gumu kama jiwe la kusagia. Ngozi imekuwa na rangi ya majivu. Maka anampaka ule mti tumboni na mgongoni, kisha anarudi kuufunika mti kidonda chake kwa udongo kama ulivyoona. Homa inashuka kidogo, halafu usiku inarudi. Usiku namsikia anasaga meno. Nyumba zetu ziko karibu, ndiyo maana nasikia.

Mama yake anauliza, huko kwenye visahani bado tu? Anauliza kwa upole, hakusukumi. Ana tumaini sana na wewe, tangu nilipomsomea barua yako.

Jina la mtoto sitalitaja. Maka anasema mgonjwa hatajwi jina nje ya nyumba, ukimtaja unauonyesha ugonjwa mlango. Utuwie radhi, ndivyo tulivyolelewa humu.

Idil amesimama kwa kushika kamba ya mbuzi.

Ruweyda


Garissa, 14 Oktoba 2024

Mama Mursal,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Vimekufa. Vyote. Majibu ya Nairobi yalikuja jana saa nane mchana, nikasoma nimesimama, nikaenda nje, nikarudi nikasoma tena. Katika miti yote niliyopeleka, mti wa Ayeeyo Maka umeshinda. Walidondosha maji yake kidogo tu, na kufikia siku ya tatu hakuna kijidudu kinachotikisika kisahanini. Daktari Hesbon aliniambia, "Funga mdomo mpaka jaribio la pili." Nimeshindwa. Nimekumbuka Ayeeyo akisema hawarudi. Basi mwambie tumerudi.

Ni kisahani tu, Ruweyda, safari bado ni ndefu. Lakini niache nifurahi leo.

Kuhusu mtoto wa jirani: hizo dalili sizipendi. Mwambie mama yake ampeleke Bute kwa Nunow, muuguzi wa zahanati. Atamchoma kidole, tone moja la damu, watajua. Ikiwa ni kala-azar, dawa ipo Wajir, sindano za kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, na hailipishwi. Asikawie.

Na wewe hukuniambia habari za Mursal barua iliyopita. Ni mzima? Au ameninunia kwa biskuti zilizovunjika?

Kanana


Nje ya Bute, 25 Oktoba 2024

Abaayo Kanana, dada yangu,

Nimesoma barua yako mpaka kikunjo kimeanza kuchanika. Nimemsomea Maka kwa Kisomali, neno kwa neno. Akauliza, "Vyote?" Nikasema vyote. Akasema, "Basi yule msichana ana miguu ya kurudi." Kwa Maka hiyo ni sifa kubwa, mimi sijaipata tangu niolewe.

Lakini tumegombana kidogo, nikuambie. Nilimwambia sasa tumnyweshe mtoto. Maka akakataa. "Mti ule ni wa kupaka. Ngozi hunywa kiasi chake, tumbo halina adabu." Nikamuuliza, vijidudu viko wapi, kwenye ngozi au ndani? Akasema, "Mimi sijui mambo ya vijidudu, najua mti." Nikamwonyesha barua. Nikamwambia Ayeeyo, hawa wamepima, tumepaka toka mvua iliyopita na jiwe bado liko tumboni. Akaondoka kwenda kwa mbuzi. Tangu hapo ananipa mgongo, lakini hakunikataza tena.

Kwa hiyo jirani ameanza kumpa. Amefanya kama ulivyoandika, kukausha, kusaga, kuloweka usiku kucha, kuchuja kwa shela safi. Ni chungu, Kanana, hata mimi nilionja ulimi ukafa. Anamchanganyia na maziwa ya ngamia na sukari. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Siku ya kwanza alitapika. Jana alicheka, mbuzi alimpigia chafya usoni. Alikuwa hajacheka siku nyingi sana.

Jirani anauliza, kijiko kimoja kinatosha au viwili?

Kwa Nunow bado hajaenda. Wataambiwa waende Wajir tu. Mtoto wa wifi yangu alipelekwa Wajir mwaka juzi, akarudi amefungwa kwenye shuka. Tena nani ataangalia mbuzi na mtoto mdogo? Na sasa dawa tunayo hapa mlangoni, si ndiyo? Mungu ametuwekea karibu.

Mursal hajambo. Anakusalimu.

Ruweyda


Garissa, 4 Novemba 2024

Ruweyda,

Acha kila kitu usome hii. Mti usinywewe. Si kijiko kimoja, si nusu. Mwambie jirani aache leo.

Jaribio la pili limerudi. Walidondosha maji yale yale kwenye chembe nzima za mwili wa mtu, zile zinazoitwa askari wa damu. Nazo zimekufa. Mti hauchagui. Unaua vijidudu na unamuua anayevibeba. Ndiyo maana Daktari Hesbon alisema ningoje, na mimi sikungoja.

Tena Ayeeyo alinieleza pale pale chini ya mti, "wa kupaka", wewe ukitafsiri, nami nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu nikakuandikia barua ndefu ya furaha bila neno hilo hata mara moja.

Mtoto apelekwe kwa Nunow, hata kwa punda, hata akionekana amepata nafuu. Niandikie jina lake, jina la mama yake, na nyumba ni ipi. Nimepiga simu kila mahali, kila anayeshika simu ananiuliza, "Mtoto gani? Wa nani?" na sina la kujibu. Alio amewasha injini, anasema mvua imeanza kule juu.

Kanana


Garissa, 17 Novemba 2024

Ruweyda,

Sijui kama barua ya tarehe nne imekufikia. Alio amenipigia, lori limekwama hapo kabla ya Wajir, mto wa lagha umejaa maji na magari yamepanga mstari. Hii naituma na basi imkute hapo. Anasema barua yangu iko kifuani mwake, kavu. Nimemshukuru. Nifanye nini na ukavu wake?

Nilimpata Nunow kwa simu alipofika Wajir kuchukua chanjo. Nilimwambia: nenda kwa Ruweyda, mke wa Yahye, muulize ni jirani gani, waambie mti usinywewe, umchome mtoto kidole. Akarudi na pikipiki yake kwenye matope, Mungu ambariki. Leo amefika tena Wajir, amenipigia. Anasema wewe ulikuwa umeenda kuchota maji. Alikaa na Ayeeyo Maka, akanywa chai, akaacha ujumbe wa mti. Akazunguka nyumba zote za jirani zako. Anasema watoto wote wanakimbia. Hakuna mgonjwa. Ameniuliza, "Dada, una hakika na habari zako?"

Niko hapa dirishani Garissa, jua linawaka kama vile mvua haijawahi kuwepo duniani, tuktuk zinapiga honi. Ninapima majani ya mti mwingine kwa sababu ndiyo kazi yangu ya leo.

Ruweyda, jirani gani?

Kanana


Wajir, 27 Novemba 2024

Abaayo Kanana,

Hakuna jirani.

Nisamehe. Ni Mursal. Tangu barua ya pili ni Mursal.

Sikutaka kukudanganya, nilitaka kumficha. Maka alisema asitajwe, nikaona nikisema jirani nitapata dawa na jina litabaki ndani. Niliona nimefanya ujanja mzuri.

Siku aliyokuja Nunow nilikuwa kweli nimeenda kuchota maji. Nilirudi nikakuta kikombe. Maka akasema, "Nunow alipita. Anasema mti si wa kunywa." Kanana, sikumwamini. Hayo ndiyo maneno yake ya kila siku, nikadhani sasa ameyatia kwenye mdomo wa Nunow ili anishinde. Nilikuwa na barua yako hapa kifuani imesema vimekufa vyote. Jioni ile nilimpa kijiko.

Na Mursal alikuwa ndani, nyuma ya pazia, amelala, wakati Nunow anakunywa chai. Maka hakusema. Nunow aliuliza, "Watoto hapa wazima?" Akajibu, "Wazima, alhamdulillahi." Ndivyo anavyojibu siku zote. Hata ukimkuta nyumba inaungua atasema hivyo kwanza.

Baadaye macho ya Mursal yakawa ya manjano na damu ikamtoka puani. Barabara ilipofunguka Alio alifika na barua zako mbili, kavu. Nilizisoma nimesimama kando ya lori. Sikungoja tena, nilimbeba Mursal, nikapanda juu na Idil mgongoni, Alio akageuza lori bila kupakia hata mbuzi mmoja. Maka alimshika mguu Mursal mpaka lori lilipoondoka.

Tuko wodini. Wamemchoma kidole, ni kala-azar kweli. Wanampa sindano mbili kila siku na wamemwongezea damu. Daktari kijana ameniuliza amekunywa nini. Nimesema kweli. Hakunigombeza, aliandika tu. Leo Mursal ameomba chai, akasema haina sukari. Hilo ni jambo zuri, si ndiyo? Mtu anayelalamika sukari ni mtu anayekaa duniani.

Anauliza kama Garissa kuna ngamia au umewakimbiza wote.

Ruweyda


Wajir, 7 Desemba 2024

Mama Mursal,

Nilipata barua yako Alhamisi jioni. Nikapanda basi la alfajiri, na gari la plastiki la bluu kwenye begi kwa sababu sikujua mtoto wa wafugaji anapenda nini, nikaona magurudumu hayamchukizi mtoto yeyote.

Kwenye kitanda cha Mursal nilikuta mtoto mwingine, msichana. Nilidhani nimekosea wodi. Nilitoka, nikasoma mlango, nikarudi, nikamuulizia Mursal. Muuguzi akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema shangazi. Akaniambia ilikuwa Jumanne asubuhi, na mlizika siku hiyo hiyo hapa Wajir, na Alio amewarudisha nyumbani.

Alinionyesha makaburi yapo upande gani. Nilikwenda mpaka ukutani. Sikujua kama mwanamke anaruhusiwa kuingia, na mgeni, na wa dini nyingine, kwa hiyo nilisimama nje. Kuna vilima vingi vidogo. Sikujua ni kipi.

Nimeandika "pole" na kuikata mara kadhaa. Gari nimempa yule msichana wa kitandani. Natumaini hujakasirika.

Nikuite nani sasa?

Kanana


Nje ya Bute, 20 Desemba 2024

Abaayo Kanana,

Niite Mama Mursal. Jina halizikwi.

Gari umefanya vizuri kumpa yule msichana. Anaitwa nani sijui, lakini alikuwa akimwazima Mursal kioo chake. Na pale ukutani ungeingia, au ungesimama, ni sawa. Alio ameniambia ukuta ule si mbali na alipolala Mursal.

Yahye amerudi. Usiku anamshika Idil tumboni, upande wa kushoto, anadhani nimelala.

Nataka kukuuliza kitu, na ukiwa hujui usijibu. Ni mti au ni ugonjwa? Daktari alisema bandama lilikuwa limeshakua muda mrefu na damu ilikuwa imeisha. Pia alisema ini limeumia. Nimeyaweka maneno hayo mawili kila upande wa mizani na kila asubuhi inalalia upande mwingine.

Lakini sikuandika kwa ajili yangu. Ni Maka. Hazungumzi. Watu walikuja kutoa pole siku zote za matanga na hakumpa mtu chai, mtu ambaye hata jogoo akipita humkaribisha. Kile kikombe alichonywea Nunow amekifukia. Nilimwona. Mchana anakaa anatazama mti, na pale mlipochuna udongo umedondoka, hajaurudisha.

Najua anachofikiri. Anafikiri kama angeinua pazia. Mimi nafikiri kama ningemwamini. Wewe unafikiri kama ungengoja. Tuko watatu na mtoto ni mmoja.

Kwa hiyo nakuomba. Mwandikie yeye barua, nimsomee. Mwambie wapimaji wamesema hata Nunow angemwona siku ile ingekuwa imechelewa. Andika kama unajua. Kwako ataamini, wewe ni mtu wa kurudi.

Ruweyda, Mama Mursal


Garissa, 5 Januari 2025

Kwa Ayeeyo Maka, kupitia kwa Mama Mursal,

Ayeeyo, shikamoo. Ni Kanana, Mama Maganda.

Uliniambia mti ni wa kupaka. Tumepima kwa mashine kubwa za Nairobi na mashine zimesema ulichosema wewe. Nilitakiwa kukuletea neno lako mwenyewe, nikaliacha njiani, nikaleta nusu. Ile nusu ndiyo iliyonywewa. Ruweyda alifuata barua yangu. Usimhesabie kosa.

Sasa kuhusu siku ya Nunow. Nimeombwa nikuandikie kwamba ingekuwa imechelewa tayari. Nilikwenda kumuuliza Daktari Hesbon, nikampigia na yule daktari wa wodini. Mmoja alisema labda. Mwingine alisema labda. Ayeeyo, sijui. Sitakuandikia kitu nisichokijua, nilishafanya hivyo mara moja.

Ninachokijua ni hiki. Kausubi anayeleta ugonjwa huu bado yuko kwenye vichuguu vyenu. Nunow ana vipimo, na Wajir dawa ipo leo. Mtoto anayefika mapema kwa kawaida hupona, hilo si labda.

Mti wako tunaendelea nao. Wanajaribu kuyatenganisha maji yake, kinachoua vijidudu kando na kinachoua mtu. Inaweza kuchukua miaka, inaweza isiwezekane kabisa. Chochote kitakachotokea, kizuri au kibaya, nitakuja kukuambia mwenyewe, kizima.

Kanana


Nje ya Bute, 16 Januari 2025

Abaayo Kanana,

Nitaandika haraka, punda amefungwa tayari.

Nilimsomea Maka barua yako jana. Pale ulipoandika "sijui" nilibadilisha. Nikasoma, "Madaktari wote wamesema ilikuwa imechelewa." Nilisoma vizuri tu, sauti haikutetemeka. Maka alinitazama. Halafu akazungumza, mara ya kwanza tangu turudi kutoka Wajir. Akasema, "Umesoma vibaya. Soma kilichoandikwa."

Nikasoma kilichoandikwa.

Akasema, "Huyu msichana hajui, na amesema hajui." Akaniambia nirudie ile sehemu ya mtoto anayefika mapema. Nikairudia. Akanyanyuka, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na Idil mikononi. Akamgusa shingo. Kanana, Idil ana homa. Ilianza wiki iliyopita, ilikuja, ikaondoka, imerudi. Nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeinyamazia, hata kwenye moyo wangu nilikuwa sijaitaja. Inaweza kuwa meno. Inaweza kuwa mafua ya vumbi hili.

Maka akasema, "Leta kalamu. Andika."

Basi naandika. Jina lake ni Idil, mtoto wa Yahye. Ana mwaka mmoja na miezi kidogo. Ni mgonjwa wa homa. Nyumba yetu ni ya kwanza ukitoka kwenye tangi la maji, mlango unatazama kile kichuguu kikubwa. Mama yake ni Ruweyda, bibi yake ni Maka. Karatasi kama hii nyingine ninayo mkononi ya kumpa Nunow, nisije nikasahau kitu nikifika kwa woga.

Hatungoji jibu lako. Barua hii Alio ataichukua Bute, sisi tutakuwa tumefika zahanati mbele yake. Tumbo nimelibonyeza, ni laini, nadhani ni laini. Nina tumaini. Siwezi kuacha kuwa nalo, hata Yahye amenishangaa.

Maka yuko nje na punda. Kila anayepita njiani anamsimamisha, hata wasiouliza, hata wale watoto wachunga mbuzi. Namsikia kutoka hapa. Anawaambia, "Idil wetu ni mgonjwa. Anaitwa Idil. Tunampeleka."

Ruweyda,
Mama Mursal na Idil